Kabla ya Kupanda Gari Kwenda Kupiga Ultrasaundi

Shangazi yangu aliuza magunia mawili ya mpunga ili akapige ultrasaundi ya "mwili mzima". Hakuwa anaumwa. Mdogo wake alikuwa amefariki kwa ugonjwa uliogundulika ukiwa umeshasambaa, na msiba ule ulimfanya aogope kukaa bila kujua. Alitoka Lundo, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, kabla ya jua kuchomoza, akalipa, akalala kitandani kwa dakika kumi, akarudi na karatasi yenye mistari mitatu ya Kiingereza. Mmoja ulisema figo yake ya kushoto ina kifuko cha maji cha sentimeta mbili. Hakuna aliyemweleza maana yake. Kwa miezi minne hakulala vizuri, na msimu ule hakushika jembe kwa kuhofia figo itapasuka.

Vifuko vya maji vya namna ile ni vya kawaida kwenye figo za watu waliovuka miaka 50. Kifuko kikiwa na ukuta mwembamba na maji matupu ndani, hakihitaji tiba. Daktari wa hospitali nyingine alimweleza hayo kwa dakika tano, kisha akampima presha. Ilikuwa 180 kwa 110. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikimhatarisha, na ingeweza kugundulika zahanati bila kuuza hata debe moja la mpunga.

Naandika kwa ajili yako unayefikiria kufanya kipimo hiki kwa hiari, ukiwa huna ugonjwa unaoujua, uwe Lundo, Liuli, Lituhi, Mbamba Bay au juu milimani Mbinga. Ultrasaundi humfaa sana mtu aliyekwenda na swali. Asiyekuwa na swali mara nyingi hurudi na hofu aliyoilipia.

Inachoona na isichoona

Ukiwa kwenye mtumbwi karibu na miamba, ukiita, sauti hugonga mwamba na kukurudia. Ultrasaundi hufanya kazi hivyohivyo: kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, hupokea mwangwi wake, na mashine huugeuza kuwa picha. Mbinu hii ilitokana na vifaa vya kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Profesa Ian Donald wa Glasgow, pamoja na mhandisi Tom Brown na daktari John MacVicar, ndio waliotangaza mwaka 1958 kwamba inaweza kuonyesha uvimbe na mtoto ndani ya tumbo. Haitumii mionzi kama eksirei, na ndiyo sababu wajawazito hupimwa nayo.

Lakini mawimbi hayo yana mipaka. Hayapenyi hewa wala mfupa. Ini, nyongo, bandama, figo, kibofu, kizazi, ovari na tezi dume huonekana vizuri. Mapafu yaliyojaa hewa, utumbo uliojaa gesi na ubongo wa mtu mzima uliofunikwa na fuvu havionekani. Vidonda vya tumbo havitafutwi kwa ultrasaundi, wala malaria, wala homa ya matumbo. Saratani ya shingo ya kizazi katika hatua zake za mwanzo haionekani humo. Mama wa miaka 30 hadi 50 anayetaka kujikinga nayo aulizie uchunguzi wa shingo ya kizazi, ambao hufanywa na nesi au mkunga aliyefundishwa. Kwa hiyo mtu akikuambia atakupima "mwili mzima" kwa ultrasaundi, muulize ni viungo vipi hasa, na akutajie kimoja kimoja.

Anzia zahanati

Nenda kwanza zahanati ya kijiji au kituo cha afya ukapimwe presha, sukari na mkojo, na uulizie kipimo cha homa ya ini B. Vipimo hivi vinne ni vya bei ndogo, na magonjwa vinayoyafichua ni yale yanayoua watu wazima kimyakimya. Mkojo hasa usiudharau. Kijiti kinachochovywa kwenye mkojo huonyesha damu ambayo macho hayaioni, na damu hiyo inakupa swali la kupeleka ultrasaundi.

Kuanzia chini kuna faida nyingine ya mfukoni. Mwenye kadi ya bima ya afya, kama ile ya CHF (mfuko wa afya ya jamii) iliyoboreshwa ambayo kaya ya watu hadi sita ilikuwa ikilipia shilingi 30,000 kwa mwaka, anatakiwa kufuata ngazi: zahanati, kituo cha afya, kisha hospitali kwa karatasi ya rufaa. Anayeruka ngazi kwa hiari yake hulipa taslimu. Uliza pia haki yako kama una mimba, kama mtoto ana umri chini ya miaka mitano, au kama wewe ni mzee wa miaka 60 na kuendelea usiye na uwezo, kwa kuwa sera ya afya inatoa msamaha kwa makundi hayo. Hospitalini ofisi ya kuulizia ni ya ustawi wa jamii. Wengi wanaipita mlangoni bila kujua kwamba ipo kwa ajili yao.

Swali kubwa la mwambao ni kichocho

Kama ningeruhusiwa kumshauri mtu mzima wa Lundo sababu moja tu ya kupiga ultrasaundi akiwa hajisikii mgonjwa, ningemtajia kichocho. Sisi tumeoga ziwani tangu utoto, tumefua humo, tumechota maji, tumevuta nyavu tukiwa tumezama hadi kiunoni. Vimelea vya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini na kuingia kupitia ngozi. Zamani watu waliamini kwamba ufukwe wa mchanga ulio wazi ni salama na kwamba hatari iko kwenye vidimbwi na matete. Upande wa Malawi watafiti walionyesha kwamba konokono mmoja anayeishi kwenye mchanga wa ziwa lenyewe, Bulinus nyassanus, anabeba kichocho cha mkojo. Wengine waliona kichocho kikiongezeka mahali ambapo samaki wanaokula konokono walikuwa wamevuliwa kupita kiasi, wakahusisha mambo hayo mawili. Nawaomba wavuvi walifikirie hilo pale wanapoamua wapi pa kukokota nyavu zenye matundu madogo.

Jambo la kuelewa ni kwamba minyoo ya kichocho hutaga mayai kwa miaka, na mayai ndiyo yanayoumiza. Katika kichocho cha mkojo, mayai hunasa kwenye ukuta wa kibofu, ukuta unanenepa na kuota vinyama, na mirija inayoleta mkojo kutoka figo inaweza kuziba. Figo zikiziba polepole haziumi. Zinajaa maji, zinafifia, na mwenyewe anaendelea kulima. Kichocho cha mkojo kilichokaa miaka mingi kinahusishwa pia na saratani ya kibofu. Katika kichocho cha tumbo, mayai huacha makovu ndani ya ini, damu inakosa njia, bandama inakua, na siku moja mtu anatapika damu. Tumewazika watu wa namna hiyo tukisema wamerogwa.

Ultrasaundi haioni minyoo wala mayai. Inaona makovu yao, na hapo ndipo ina thamani ambayo kipimo cha mkojo au choo hakina. Mkojo na choo husema kama una kichocho leo. Ultrasaundi husema kimekufanyia nini. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu maalumu wa kusoma madhara ya kichocho kwa ultrasaundi, uliokubaliwa na wataalamu mjini Niamey mwaka 1996, kwa hiyo unapouliza huombi jambo la ajabu. Mwambie mpimaji hivi: "Nimekulia ziwani. Naomba uangalie kama kibofu kina unene au vinyama, kama figo zimejaa maji, kama ini lina makovu kuzunguka mishipa, na kama bandama imekua." Bandama peke yake isikutishe, kwa sababu malaria ya mara kwa mara nayo huikuza.

Wanaostahili kwenda mapema zaidi ni aliyewahi kukojoa damu, hata kama ilikuwa utotoni na ikaacha yenyewe, anayeona damu kwenye choo mara kwa mara, na mvuvi au mama mfuaji aliyeishi na maji maisha yake yote bila kumeza praziquantel, dawa ya kichocho. Dawa hiyo hugawiwa zaidi shuleni kwa watoto, na watu wazima wengi wameachwa nje. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kwenye maeneo yenye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi wapewe wote kuanzia umri wa miaka miwili, watu wazima wakiwemo. Vidonda vya kibofu vikikutwa mapema hupungua sana ndani ya miezi michache baada ya dawa. Ukirudi majini bila kujikinga, hurudi. Wanawake waongeze jambo moja: kichocho kinaweza kukaa kwenye uke na shingo ya kizazi, kikaleta damu, uchafu na maumivu yanayodhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa. Hicho hakionekani vizuri kwa ultrasaundi. Omba uchunguzwe na mtaalamu kwa macho.

Mama mjamzito

Hapa hakuna mjadala mrefu. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apige ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Wengi wetu huenda mwezi wa nane au wa tisa, ili kujua kama ni wa kike au wa kiume. Wakati huo mashine haiwezi tena kukadiria umri wa mimba kwa uhakika, kwa sababu watoto wameshaanza kutofautiana ukubwa. Ukienda mapema utajua tarehe ya kujifungua, utajua kama ni pacha, utajua kama mimba imejishika mahali pake.

Kwa mama wa Lundo tarehe hiyo ina uzito kuliko kwa mama anayeishi jirani na hospitali. Ukijua una pacha, unapanga na mume na mama mkwe wapi utakuwa wiki za mwisho, nani atabaki na watoto, na nauli itatoka wapi, kabla mvua hazijaharibu njia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipeleka mashine za ultrasaundi kwenye vituo vya afya vya vijijini katika Kongo, Kenya, Zambia, Pakistan na Guatemala. Vifo vya akina mama na watoto wachanga havikupungua. Sijalitaja hilo kukukatisha tamaa. Linaonyesha kwamba picha peke yake haimfikishi mtu kwenye chumba cha upasuaji. Anayemfikisha ni familia iliyoiona karatasi ikapanga safari.

Wengine, kwa ufupi

Aliyekutwa na homa ya ini B asikae nyumbani na karatasi ya maabara. Daktari ataamua kama anahitaji ultrasaundi ya ini kila baada ya miezi sita ili uvimbe ukianza uonekane ukiwa mdogo, hasa kama ini lina makovu au kama kuna ndugu aliyefariki kwa saratani ya ini. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto Tanzania mwaka 2002. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, huenda hukuipata utotoni.

Mzee mwanaume wa miaka 65 hadi 75 aliyewahi kuvuta sigara anaweza kuomba apimwe upana wa mshipa mkuu wa damu tumboni. Uingereza huwaita wanaume wote wanapofikisha miaka 65 kwa kipimo hicho, mara moja tu. Ukifika sentimeta 3, hufuatiliwa. Kama mzee wako yuko tayari kitandani kwa sababu nyingine, ombi hili linachukua dakika chache.

Vingine nakushauri uviache kama huna dalili. Korea Kusini watu wengi wazima walianza kupimwa tezi ya shingo kwa ultrasaundi pamoja na vipimo vingine vya hiari, na kufikia 2011 waliogundulika na saratani ya tezi hiyo walikuwa mara 15 ya wale wa 1993. Idadi ya wanaokufa nayo haikubadilika. Maelfu walikatwa tezi na wanameza dawa kila siku kwa uvimbe ambao usingewadhuru. Uingereza nako wanawake zaidi ya 200,000 walishiriki katika utafiti wa kutafuta saratani ya ovari mapema, kundi moja likipimwa kwa ultrasaundi kila mwaka. Matokeo ya 2021 yalionyesha kwamba vifo havikupungua. Haya ni mataifa yenye hospitali kila kona. Sisi tunaouza mpunga tuna sababu zaidi ya kuchagua.

Mwenye dalili ni habari nyingine kabisa. Uvimbe kwenye titi, damu baada ya kukoma hedhi, manjano machoni, tumbo linalokua, mkojo unaokatika kwa mzee, kupungua mwili bila sababu: huyo haendi kwa hiari, anakwenda kutibiwa, na asisubiri mavuno.

Siku ya safari

Piga simu kwanza. Uliza mambo matatu: mashine inafanya kazi, mpimaji yupo siku hiyo, na gharama yake yote ni kiasi gani pamoja na kumwona daktari wa kusoma majibu. Mwulize mganga mfawidhi wa zahanati namba za hospitali ya wilaya, za Liuli kwa Waanglikana, za Litembo na za Mbinga. Kesi ngumu hupelekwa Peramiho au hospitali ya mkoa Songea. Barabara ya lami kati ya Mbamba Bay na Mbinga, kilometa 66 hivi, imefupisha safari, lakini anayetoka Lundo bado ajipangie siku nzima na pesa ya kulala. Tangu 2024 kambi za madaktari bingwa wa Mama Samia zimekuwa zikipita kwenye hospitali za halmashauri. Zikitangazwa Nyasa au Mbinga, hapo utapata mpimaji na bingwa siku moja. Wavuvi wa dagaa wachague siku za mbalamwezi, taa zinapokuwa hazivui.

Kama unakwenda kupimwa ini, nyongo na bandama, usile kwa saa sita hadi nane kabla. Maji unaweza kunywa. Nyongo ikiwa imetoka kusaga chakula hujikunja na mawe hayaonekani vizuri. Mwenye kisukari anayetumia dawa asifunge bila kuuliza. Kama ni kibofu, kizazi au tezi dume, kibofu lazima kijae: kunywa lita moja ya maji saa moja kabla, usikojoe. Usinywe maji hayo Lundo ukapanda nayo bodaboda. Kunywa ukishafika na kuandikishwa. Anayehitaji vyote viwili afunge usiku, afike na chupa yake ya maji.

Vaa nguo mbili, blauzi na sketi au kitenge, usivae gauni moja refu litakalopandishwa lote. Beba khanga ya kujifunika na ya kufutia ule ute unaopakwa tumboni. Mwanamke ana haki ya kuingia na dada au mama yake. Baadhi ya vipimo vya kizazi hufanywa kwa kifaa kinachoingizwa ukeni. Ni kipimo halali, lakini lazima uelezwe kwanza na ukubali, na ukikataa utapimwa juu ya tumbo.

Mpimaji awe amesomea. Tanzania ina baraza la kusimamia wataalamu wa radiolojia kwa sheria ya 2007, na mtaalamu aliyesajiliwa hakasiriki akiulizwa usajili wake.

Karatasi

Usitoke chumbani na picha tupu. Omba majibu ya maandishi yenye jina lako, tarehe, viungo vilivyoangaliwa na saini. Kisha peleka karatasi hiyo kwa daktari siku hiyohiyo, umwulize kwa Kiswahili: "Hiki kilichoonekana kinahitaji dawa, kinahitaji kurudiwa baada ya muda, au ni cha kuachwa?" Aandike jibu lake chini ya karatasi. Akisema ni cha kurudiwa, aandike mwezi. Vifuko vya maji kwenye figo, mafuta kidogo kwenye ini, uvimbe mdogo wa kizazi usiotoa damu, mawe kwenye nyongo yasiyouma: hivi vyote huonekana kwa watu wengi wenye afya, na mara nyingi jibu huwa ni la tatu. Ukiambiwa upasuliwe kwa jambo lililokutwa bila dalili, una haki ya kuomba maoni ya daktari mwingine kabla ya kukubali.

Majibu safi nayo yasikudanganye. Yanahusu viungo vilivyoangaliwa, siku ile. Damu ikionekana kwenye mkojo mwezi ujao, rudi.

Picha za ultrasaundi nyingi huchapwa kwenye karatasi laini inayofanya weusi kwa joto. Ukiiacha juani, au karibu na jiko, au ndani ya gari la abiria mchana, inafifia au inakuwa nyeusi yote, hadi haisomeki. Ipige picha kwa simu ukiwa bado hospitalini, pamoja na majibu ya maandishi, umtumie mwanao au ndugu unayemwamini. Karatasi zenyewe zitie kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki, mbali na moto na mvua, mahali ambapo mtu wa nyumbani anaweza kuzifikia usiku hata kama wewe huwezi kusema.